Lango Lenye Nukta Tatu

Tarehe 6 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake sasa hivi kabla hujaendelea, maana nakujua, utasoma mpaka mwisho ndipo umwite, na yeye atanuna wiki nzima. Mimi sijambo, mwili mzima. Vipi jicho? Bado linatoa machozi asubuhi? Nakuomba tena, usichomelee bila ngao ya uso. Ukaidi huo umeshakula jicho moja, liachie la pili.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu hatuzungumzi, tunapigana kelele. Wewe unaongea kama uko karakanani mashine zote zimewashwa, mimi nasema "nzuri, nzuri" mpaka salio linakata. Na habari zenyewe si nzuri.

Kiwanda cha matela kimefungwa. Miaka mitatu nimechomelea matela pale, na siku ya mwisho tulitangaziwa tukiwa bado na glavu mikononi. Walipunguza watu mara mbili. Mara ya kwanza tukaondoka sisi wa mtaa huu, sisi ambao hapa tunaitwa wakuja, hata wale waliozaliwa hapa na baba zao wakazaliwa hapa. Mara ya pili, baada ya miezi miwili, wakaondoka wenyeji. Sasa wenyeji wanasema sisi ndio tuliowaletea mkosi, sisi tunasema wao walichekelea tulipotangulia, na mwenye kiwanda hasemi kitu, yuko kwake.

Mwisho wa mtaa wetu kuna ofisi ya ajira. Ina uwanja mdogo wenye ukuta, na lango la chuma la mabawa mawili, baya kweli, limechomelewa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Ukiingia unakaa kwenye benchi mpaka uitwe dirisha namba nne. Pale yupo mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Anapokea barua yangu, anaigonga muhuri, anasema, "Tutakupigia." Nimeshampelekea barua thelathini na moja. Siku hizi tukikutana dukani tunasalimiana.

Wiki iliyopita nilipelekwa mahali nikajaribiwe. Nikapewa vipande viwili vya bomba, niviunganishe. Nikaviunganisha. Msimamizi akapitisha kidole kwenye mshono, akamwita mwenzake, naye akapitisha kidole. Kisha akachukua cheti changu, akakigeuza huku na huku, akauliza, "Hiki chuo kiko wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Tutakupigia."

Kibali changu cha kukaa hapa kinaisha Septemba. Bila barua ya mwajiri hakiongezwi. Umenilea kwa kuniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi baba, chema changu nakitembeza mtaa kwa mtaa, na miguu imechoka.

Mwanao,
Cheche


Tarehe 27 Februari

Cheche mwanangu,

Marahaba. Mama yako pia anasema marahaba, na anasema umekonda. Nimemuuliza kaonaje, anasema kaona kwenye mwandiko. Mimi nimeuangalia mwandiko wako kwa jicho langu zima na sikuona kitu, lakini nani atabishana naye? Kula.

Jicho ni lile lile. Dawa nimeiacha, inawasha kuliko ugonjwa wenyewe.

Habari ya kiwanda nimeisoma mara mbili na imeniuma. Lakini sikiliza. Hapo mtaani kwenu hakuna milango? Hakuna madirisha? Tafuta mashine kuukuu, iweke kwenye mkokoteni, anza na bawaba iliyokatika. Mimi karakana hii sikuikuta imejengwa. Nilianzia chini ya turubai, mvua ikinyesha nazima umeme nangoja.

Na kila unachokimaliza, tia mafiga yetu. Usiniambie ni mambo ya kizamani. Nukta tatu mwisho wa mshono, moja juu mbili chini, kama mafiga ya jikoni. Watu walikuwa wanaona lango kwa jirani, wanakuja hapa wanauliza, "Nani fundi wa nukta tatu?" Kazi isiyo na alama ni mtoto asiye na baba. Wakiijua alama yako watajua pa kukupata.

Chema chajiuza. Narudia.

Baba yako


Tarehe 2 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya mama. Mwambie nimekula. Mwambie nimekula na jana pia.

Nimefanya kama ulivyosema. Nimepata mashine iliyochoka na grenda moja ya kukatia, navisukuma kwenye mkokoteni. Umeme napewa na Kinyozi. Duka lake linatazamana na ofisi ya ajira, ng'ambo tu ya barabara, na waya wangu mrefu unafika mpaka langoni kwao. Kinyozi naye ni mkuja, lakini wa kwao, si wa kwetu. Lugha yake siijui na yangu haijui. Tunaongea ya wenyeji, sote wawili tunaikosea, basi tunaelewana vizuri sana.

Nimeshatengeneza milango ya chuma kumi na tisa mtaa huu. Yote ina mafiga. Watu wananiita fundi wa nukta tatu, kama ulivyosema, mzee mjanja. Lakini nisikufiche. Hawataki milango kwa sababu ni mizuri. Wanaogopa. Vijana wa kona ni wengi kila siku, na si watoto, ni watu wenye vyeti na wake na watoto, wamesimama tu mikono mfukoni. Polisi wakipita wanawapekua wale wale kila siku, asubuhi na jioni, kana kwamba kuna kitu kimeota mifukoni tangu asubuhi. Wenyeji nao wamesimama kona yao ng'ambo ya pili, hawana kazi vile vile, wanatutazama. Mimi nakula kwa woga wa watu, baba. Chakula hicho hakishuki vizuri.

Sasa nikuchekeshe kidogo. Ghorofa ya juu yangu anakaa mzee mmoja mwenyeji, dereva wa basi mstaafu, miaka sitini na minane, mtu safi. Siku moja akaniambia, "Cheche, hebu tuwajaribu hawa." Nikaandika barua yangu ya maombi ile ile, kazi zangu zile zile, ila juu tukatia jina lake, tukaipeleka dirisha namba nne. Siku mbili tu, akapigiwa simu! "Fundi, njoo kesho." Nikaenda mimi. Waliponiona wakatazamana, wakasema nafasi imejaa hivi punde. Dereva alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniomba radhi. Nikamwambia radhi ya nini, wewe umefanya nini? Akasema, "Sijui, lakini mtu inabidi aiombe."

Habari yenyewe ni hii. Kiwanda kinafunguliwa na mwenye mali mpya. Nafasi mia mbili. Maombi tumepeleka wote pale dirisha namba nne, na orodha itabandikwa tarehe 10 Juni. Safari hii mashine ni zile zile nilizozishika miaka mitatu. Wakininyima hizi, sijui tena watanipa nini. Niombeeni.

Mwanao,
Cheche


Tarehe 20 Mei

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako mgongo tu.

Tunakuombea. Mama yako hata tarehe kumi ameizungushia duara kwenye kalenda, duara kubwa mpaka kumi na moja na tisa hazisomeki.

Ila hao wa kona, wa kona hii na wa kona ile, kaa nao mbali. Hasira hasara. Wewe ni fundi, simama na kazi yako. Na haya mambo ya wenyeji na wakuja usidhani yako huko peke yake. Yapo kila mahali. Hata hapa kwetu yapo. Basi, si ya kuandika kwenye barua.

Orodha ikitoka andika siku hiyo hiyo.

Baba yako


Tarehe 30 Juni

Cheche,

Hujambo? Tarehe kumi imepita na siku ishirini juu yake. Simu yako haiiti. Mama yako anasema barua imechelewa posta. Mimi nasema hivyo hivyo. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako


Tarehe 19 Julai

Mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nimeiona.

Binti wa jirani alikuja na simu yake, akasema kule aliko kaka kulikuwa na fujo mwezi uliopita, maduka yameungua. Akanionyesha picha. Ukuta mweusi kwa moshi, na lango la mabawa mawili lililochomelewa katikati likafungwa, halafu likakatwa kando ya mshono. Nikamwambia, hebu ikuze. Akaikuza. Nukta tatu, moja juu mbili chini. Lakini nikuambie kweli, niliujua mkono kabla sijaziona nukta. Ule mshono nimeufundisha mimi.

Mama yako sijamwambia. Nimemwambia jicho linauma, ndiyo maana natokwa na machozi.

Najua utakuwa wapi. Barua hii naituma kwa Dereva wako wa ghorofa ya juu, atajua pa kuifikisha.

Nilikuandikia kwamba kuna mambo si ya kuandika. Sasa nayaandika. Ulipokuwa na miaka minne, alikuja mtu karakanani kuomba kazi. Alitoka kwa wale watu wa ng'ambo ya mto, unawajua, wale tuliokuwa tukiwaita wakuja na wako hapa tangu babu zao. Alikuja na vipande viwili vya chuma alivyoviunganisha mwenyewe, kavifunga kwenye kitambaa. Nilikuwa nahitaji mtu, kazi ilikuwa imenizidi. Nikamwambia hakuna nafasi. Akarudi baada ya mwezi na kitambaa chake. Nikamwambia hakuna nafasi. Akarudi mara ya tatu, na siku hiyo kulikuwa na wateja, nikasema kwa sauti ili wacheke, "Wewe hufukuziki kama nzi?" Wakacheka. Mwaka uliofuata soko lilipochomwa, yeye alikuwa mmoja wa waliokamatwa. Mimi nikasema mbele ya watu, "Mnaona? Ndiyo maana sikumpa kazi."

Miaka yote hii nimekuimbia chema chajiuza. Kile cha yule mtu hata kitambaa sikukifungua.

Niandikie, mwanangu. Sina la kukugombeza.

Baba yako


Tarehe 16 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Dereva ameleta barua yako mkononi mwake, akasimama foleni ya wageni tangu asubuhi. Mimi mzima. Mkono wa kushoto uliungua kidogo, sasa unapona. Niko gerezani, mwaka mmoja na nusu. Kesi haikuchukua muda kwa sababu sikukana kitu.

Nakueleza ilivyokuwa, yote.

Orodha ilibandikwa saa nne asubuhi ukutani, kando ya lango. Tulikuwa watu kama mia saba, wakuja huku, wenyeji kule. Dereva akaombwa asome kwa sauti, kwa kuwa ana sauti ya kutangaza vituo. Akasoma. Alipofika jina la mia na hamsini akaanza kusoma polepole, nikajua. Katika majina mia mbili hakukuwa na mtu hata mmoja wa mtaa wetu. Hata mmoja, baba! Na wenyeji nao wengi hawakuwemo, wengi walioitwa hatukuwajua kabisa. Halafu Dereva akafika mahali akanyamaza. Watu wakapiga kelele, "Soma!" Akasoma jina lake mwenyewe.

Ile barua yangu. Ile niliyoiandika kwa jina lake ilikuwa bado humo ndani, na wamempa kazi. Fundi wa kuchomelea, daraja la kwanza. Mzee ambaye hajawahi kushika hata bisibisi.

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kicheko kile sitaki kukisikia tena maisha yangu. Kilipokwisha, jiwe la kwanza likaruka, sijui la nani. Makarani wakakimbilia ndani wakafunga lango. Mtu akasema, "Wanatufungia? Tuwafungie na sisi, waonje." Aliyesema simjui. Aliyefanya ni mimi. Mashine ilikuwa kwa Kinyozi, waya unafika. Ilinichukua dakika chache tu kuyachomelea mabawa yote mawili pamoja. Nilijua wana mlango wa nyuma, watatoka huko. Nilitaka tu wakija kesho wakute limefungwa, wasimame nje kama sisi. Na nilipofika mwisho wa mshono, mkono ukaenda wenyewe. Moja juu, mbili chini. Sikufikiri, baba. Miaka yote hiyo ya "tia mafiga, Cheche, tia mafiga."

Watu wakanipigia makofi. Nikuambie aibu yangu? Nilifurahi. Tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyeisifu kazi yangu bila kuogopa kitu.

Kisha polisi wakaja kutokea upande wa pili, watu wakachoma matairi, na tairi moja likarushwa ndani ya ukuta. Moshi ukawa mwingi. Nikasikia mtu anagonga lango kutoka ndani, na sauti ni ile ya dirisha namba nne, ile ya tutakupigia, inalia, "Wa nyuma haufunguki! Wa nyuma haufunguki!"

Nikashika grenda. Kinyozi akanishikia waya, mawe yanatuangukia, hakuuacha. Mshono ule nilikuwa nimeutengeneza vizuri mno, ukakataa kukatika upesi. Ningekuwa fundi mbaya wangetoka mapema. Nikakata kando yake. Walitoka watu sita, yule mama wa mwisho, hana miwani. Polisi walinikuta bado nimeishika grenda inazunguka.

Mahakamani wakaleta kipande cha lango na picha za milango yangu kumi na tisa. Alama ni moja. Ulisema watajua pa kunipata.

Yule mama aliitwa kusema. Akasema, "Ndiye aliyetufungia, na ndiye aliyetufungulia. Andikeni yote mawili." Hakimu akamuuliza mlango wa nyuma ulikuwa na nini. Akasema ulizibwa na maboksi, yamepangwa mpaka juu. Maboksi ya nini? Akainama. "Barua za maombi ya kazi. Hazikuwa na pa kwenda." Zangu, zilizokuwa zimefika hamsini na tatu, nadhani zilikuwemo.

Milango yangu yote kumi na tisa ilisimama. Maduka saba yaliungua nyuma ya milango iliyosimama, la Kinyozi mojawapo. Amehamia kwa shemeji yake. Hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kuhusu yule mtu wa kitambaa. Nimeisoma mara nyingi, humu muda upo. Kama yu hai, mtafute.

Mama mwambie. Ataona kwenye mwandiko hata usiposema.

Mwanao,
Cheche


Tarehe 8 Oktoba

Cheche mwanangu,

Marahaba. Mama yako nimemwambia. Hakulia mbele yangu. Alifua nguo zako zote za zamani, zile zilizokuwa safi kabatini, akazianika, akazikunja, akazirudisha. Anakusalimu sana na anasema kula.

Nimemtafuta yule mtu. Yu hai, anauza mkaa nyuma ya soko. Nilikwenda mchana, nikasimama mbele yake, hakunyanyuka. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, unanikumbuka?" Akasema, "Nzi hamsahau aliyemfukuza." Nikamwambia nimekuja kusema nilimkosea. Akampimia mteja mkaa wake, akamshukuru. Ndipo akasema, "Hukuniudhi uliponinyima kazi. Wengi walininyima. Uliniudhi kwa kuwa hukufungua kitambaa."

Nikamwomba anionyeshe sasa. Akanyoosha mikono yote miwili, Cheche, inatetemeka hata haishiki kikombe. "Umechelewa, fundi," akasema. Lakini akanisogezea kigoda. Nikakaa. Nimekwenda tena Alhamisi, na hiyo nyingine.

Wewe unakula vizuri? Wanawapa kazi humo, au mnakaa tu?

Baba yako


Tarehe 11 Desemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na mama shikamoo yake. Mkono umepona. Yule mzee wa mkaa msalimie, mwambie mwanao anamsalimu, akikubali.

Umeuliza kama wanatupa kazi. Baba, nimepata kazi! Hapa gerezani kuna karakana, mashine nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Msimamizi alinipa vipande viwili vya bomba, nikaviunganisha, akapitisha kidole, akasema, "Utaanza kesho." Hakuuliza chuo kiko wapi. Hakuuliza natoka wapi. Chema kimejiuza. Nilirudi kitandani nikacheka peke yangu, mwenzangu wa pembeni akadhani naumwa.

Na kazi ya kwanza niliyopewa ni lango. Mabawa mawili, vipimo navijua kwa kichwa. Ni la ofisi ya ajira ya mtaani kwetu, wanafungua tena mwezi ujao. Nilimwambia msimamizi. Akasema anajua, na kwamba ndiyo maana kanipa, nilirekebishe nililoliharibu. Sikumbishia. Sina tena nguvu ya kubishana na mtu mwenye ukweli nusu.

Nimelitengeneza wiki mbili. Hakuna pa kupitisha kidole ukapata kosa. Na upande wa ndani nimeongeza kitu ambacho hakikuwa kwenye mchoro, komeo dogo lililofichwa chini ya kishikio. Hata likifungwa kwa nje vipi, aliye ndani atalisukuma kwa kidole kimoja atatoka. Nimemwandikia yule mama wa dirisha namba nne nikamweleza lilipo. Sijui kama barua ataisoma.

Leo nimemaliza mshono wa mwisho. Nikainua mkono kutia mafiga, msimamizi akanishika. Akasema hapa hatutii alama, kazi ni ya gereza. Nikaushusha mkono. Jioni gari limekuja kulichukua, nimesimama mlangoni nikaliangalia linavyopakiwa mpaka gari likaondoka.

Nikitoka nitarudishwa nyumbani, kibali kimeshakufa. Niwekee nafasi karakanani. Na mtu yeyote akija kabla yangu na kitambaa chake, mpe hiyo nafasi, mimi nitasimama.

Mwanao,
Cheche